Bahari Sebuleni: Pambo au Amana?

Mtu wa pwani akihamia bara, mambo mawili hayamtoki moyoni: ladha ya nazi na harufu ya bahari. Nazi huipata sokoni, hata ikiwa ghali. Bahari haiuzwi. Ndiyo maana sikustaajabu nilipomzuru sahibu yangu mmoja, mzaliwa wa Mtwapa anayefanya biashara ya vitambaa huko Muhuru Bay, nikakuta sebuleni mwake tangi la kioo la urefu wa mita moja na zaidi, limewekwa mahali ambapo wengine huweka kabati la vyombo. Bwana huyu alitaka bahari yake mwenyewe, aitazame jioni baada ya kufunga duka.

Lakini tangi lilikuwa kavu. Ndani yake mlikuwa na vipande vya matumbawe vilivyokuwa vyeupe kama mifupa, na mchanga ulioshikana kwa chumvi. Samaki sita alikuwa amewachukua pwani, akasafiri nao kwa basi ndani ya ndoo yenye kifuniko. Watatu walikufa njiani. Watatu waliobaki hawakumaliza juma. Akaniambia, "Nilidhani ni maji, chumvi na samaki, basi." Kisha akacheka kile kicheko cha mtu asiyetaka kuulizwa zaidi.

Muhuru Bay, kwa wasioijua, iko Kaunti ya Migori, ukingoni mwa Ziwa Victoria, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Kutoka Mombasa ni safari ya kilomita 900 hivi, na ukifika umepanda zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Sahibu yangu si wa kwanza kutamani kuifuga bahari mbali na bahari, wala hatakuwa wa mwisho. Siku hizi matangi haya yaonekana katika hoteli na katika majumba ya wenye nafasi, na vijana wetu wengi huyatamani. Kwa hiyo nimeona nitoe maoni yangu, nayo ni haya: tangi la maji ya chumvi si pambo kama saa ya ukutani. Ni amana. Asiyeweza kuibeba amana hiyo asiichukue. Na aliye kando ya maji matamu, kwanza atazame kilichoko mlangoni pake.

Maji yenyewe kwanza

Wengi hudhani maji ya bahari ni maji ya kawaida yaliyotiwa chumvi. Sivyo. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi, lakini chumvi hiyo ni mchanganyiko wa vitu vingi, ikiwemo magnesiamu, potasiamu na kalsiamu. Anayesema atanunua chumvi ya Gongoni au Marereni aikoroge katika maji ya bomba amekosea, ijapokuwa chumvi hiyo imetoka baharini kweli. Maji yanapokaushwa mabwawani, kalsiamu nyingi hutangulia kuganda chini, na magnesiamu hubaki katika yale maji machungu yanayomwagwa mwisho. Kinachofika jikoni ni chumvi ya kula tu. Matumbawe hayawezi kujenga kwa hiyo, kwani yahitaji kama miligramu 400 za kalsiamu katika kila lita ili yapate kutengeneza mawe yake.

Kwa hiyo mfugaji hununua chumvi iliyotengenezwa makusudi kwa matangi. Tangi la lita 200 litataka kilo saba za chumvi hiyo kwa mara ya kwanza, na nyingine kila anapobadilisha maji. Maji ya kukorogea nayo yawe safi hasa, yaliyochujwa mpaka hayana kitu. Maji ya ziwa yana vijimea na mbolea iliyotoka mashambani. Maji ya mvua yaliyopita juu ya mabati huweza kubeba zinki. Na shaba kidogo tu kutoka katika bomba yatosha kuua konokono, kamba na matumbawe, hata kama samaki watapona.

Halafu kuna jambo ambalo ndilo huua samaki wengi wa wanaoanza, nalo halionekani kwa macho. Samaki hutoa uchafu, na uchafu hugeuka amonia, ambayo ni sumu. Baharini uchafu huo hupotea katika maji yasiyo na mwisho. Ndani ya kioo hauna pa kwenda. Wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Na wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hawa huishi juu ya mawe na mchanga, na huchukua majuma manne hadi sita kuongezeka hata wakatosha. Muda wote huo tangi hukaa na maji na mawe, bila samaki hata mmoja. Sahibu yangu alitia maji asubuhi na samaki jioni. Kwa kweli aliwatia katika sumu, ingawa moyo wake ulikuwa mwema.

Baada ya majuma hayo ndipo hutangulia konokono na wale kaa wadogo wanaoishi katika kombe za wengine, wapate kula mwani. Kisha huingia matumbawe laini, ambayo ni mavumilivu. Samaki hufuata, wawili kwa mara moja, kwa subira ya majuma kadhaa. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27. Taa ziwake saa nane hadi kumi kwa siku, maana ndani ya mwili wa matumbawe huishi vijimea vidogo mno vinavyopika chakula kwa nuru. Bila nuru matumbawe hufa njaa. Maji yakipungua kwa kukauka huongezwa matamu, si ya chumvi, kwa kuwa kinachoruka ni maji na chumvi hubaki. Na pampu isisimame. Umeme ukikatika usiku kucha, hewa huisha majini, na asubuhi mwenye nyumba huamkia maiti. Anayeishi mahali ambapo umeme una tabia ya kupotea sharti awe na pampu ya betri tayari, si ahadi ya kununua.

Sisemi haya kumvunja mtu moyo. Jambo hili lawezekana. Mwaka 1961 bwana mmoja wa Indonesia, Lee Chin Eng, aliandika jinsi alivyokuwa akifuga viumbe vya bahari kwa kutumia mawe yenye uhai kutoka mwambani na hewa ya pampu ndogo, bila mitambo mikubwa. Mawe hayo yalikuwa na wale bakteria tayari, nayo ndiyo yaliyoyasafisha maji yake. Wafugaji wengi wa leo wamesimama juu ya fikira yake. Lakini tazama alikoishi: Jakarta, mji wa bahari. Maji na mawe vilikuwa jirani zake. Wa Muhuru Bay hana jirani huyo.

Mwanamke na paka

Watu wa dini wataniuliza: je, yafaa kumfungia kiumbe kwa ajili ya kumtazama tu? Mimi si mwanachuoni, na mwenye shaka amwendee mwenye elimu. Lakini wengi wetu tulifundishwa chuoni hadithi mbili zilizomo katika Bukhari na Muslim. Ya kwanza ni ya mtoto Abu Umair, ndugu yake Anas, aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumkataza. Bali ndege alipokufa alimuuliza mtoto habari zake kwa upole, na wanavyuoni wakachukua kutoka hapo ruhusa ya kufuga. Ya pili ni ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie chakula.

Ukiziweka hadithi hizi pamoja, hukumu ya tangi la kioo yajitokeza yenyewe. Kufuga si dhambi. Kufungia bila kutimiza haki ndiko kosa. Na haki ya samaki wa mwambani ni kubwa kuliko ya paka, maana paka akifunguliwa mlango atajitafutia, lakini samaki wa bahari aliye Muhuru Bay hana mlango. Hata ukimbeba kwa huruma ukamtia ziwani, umemuua, kwani maji yale matamu si yake. Maisha yake yote yamo mikononi mwako, hata pumzi.

Kuna na suala la israfu. Anayetumia mshahara wa mwezi kununua taa za matumbawe huku karo ya mtoto haijalipwa, huyo tusibishane naye juu ya samaki. Amekwisha kujijibu.

Mwamba nao una haki

Tena tusisahau kule wanakotoka. Pwani yetu kwa miongo mingi imekuwa ikiuza samaki wa mapambo ng'ambo. Wavuvi huzamia na kuwanasa kwa nyavu ndogo, mmoja mmoja. Ni riziki ya halali, na mvuvi anayekamata kitatange mmoja mzima kwa uangalifu huenda akamdhuru bahari kidogo kuliko anayekokota juya juu ya mwamba. Siwalaumu wavuvi. Namwuliza mnunuzi: je, wajua unachonunua?

Yuko samaki mmoja mwembamba, wa buluu na mstari mweusi ubavuni, ambaye ni miongoni mwa wanaouzwa sana kutoka Kenya. Kazi yake mwambani ni utabibu. Samaki wakubwa, hata chewa, humjia wakapanua mdomo, naye huwatoa wadudu wanaowanyonya damu. Huko Australia watafiti waliwaondoa samaki hawa katika sehemu fulani za mwamba kwa muda wa miaka minane na nusu, wakaona samaki wa aina nyingine pia wamepungua. Kijiji kimenyang'anywa tabibu wake. Na tabibu mwenyewe akifikishwa katika tangi la lita 200 aghalabu hukonda akafa, kwa sababu hana wagonjwa wa kutosha wa kumlisha. Hiyo ni hasara pande mbili. Vivyo hivyo baadhi ya vipepeo wa baharini hawali kitu ila matumbawe, na kangaja huhitaji nafasi ya kuogelea ambayo hakuna sebule iwezayo kuitoa. Anayetaka samaki na atafute waliozaliwa katika matangi, kama wale wadogo wa rangi ya machungwa na mikanda myeupe ambao siku hizi huzalishwa kwa wingi na wafugaji.

Matumbawe nayo yana mambo yake. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ilipauka ikafa. Mawe tunayoyaona leo ni ya walionusurika na watoto wao. Katika hifadhi za taifa, kama za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, na ile ya Kisite, kuyachukua ni kosa. Na biashara ya matumbawe magumu baina ya nchi na nchi imo chini ya mkataba wa kimataifa tangu 1990. Kule Wasini wenyeji wamejitia kazini kupanda upya matumbawe yaliyovunjika. Itakuwa aibu gani, jirani akipanda, wewe ukang'oa upate kupamba kabati?

Waingereza walikwisha kuonja matunda ya jambo hili. Katika miaka ya 1850 Philip Henry Gosse aliwafundisha watu wa nchi yake kufuga viumbe vya pwani katika vyombo vya kioo, na kitabu chake cha mwaka 1854 kikawasha moto. Watu wakamiminika ufukweni na ndoo na patasi. Mwaka 1907 mwanawe, Edmund, aliandika kwa masikitiko kwamba vidimbwi vya mwambani alivyovijua utotoni vilikuwa vimekwisha kuporwa uzuri wao, na kwamba baba yake, aliyevipenda kuliko mtu yeyote, ndiye aliyeonyesha njia. Mapenzi yasiyo na kiasi ni kama wivu, huua kinachopendwa.

Maji mawili

Sasa nirudi Muhuru Bay. Tulipokuwa tumekaa barazani mwa sahibu yangu, ziwa likiwa mbele yetu, nilikumbuka Sura ya Fatir, mahali tunapoambiwa habari za maji mawili, matamu na ya chumvi, kwamba si hali moja, ila yote mawili yana chakula cha binadamu na yana mapambo. Wafasiri hutaja lulu na marijani, mapambo ya kuvaliwa. Lakini mimi nilijiuliza: sisi watu wa chumvi, mbona huyadharau matamu?

Ziwa Victoria lilikuwa na samaki wadogo ambao Wajaluo huwaita fulu. Wataalamu hukadiria kwamba walikuwa wa aina 500 na zaidi, wote jamaa wa ukoo mmoja, na karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Dume lake huvaa nyekundu, buluu au manjano, mavazi yasiyopungukiwa na ya samaki wa mwambani. Jike hubeba mayai yake mdomoni, na watoto wakishaanguliwa huwatoa wakacheza. Hatari ikija, hurudi mbio mdomoni mwa mama. Mwenye macho na atazame jambo hilo mara moja, kisha aseme kama lina upungufu wa uzuri.

Samaki hawa wamepatwa na msiba. Mbuta aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa kote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa wameanza kazi upande wa Mwanza mwaka 1977, waliona fulu wakitoweka mbele ya macho yao, aina baada ya aina. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilipotea. Si mbuta peke yake. Uchafuzi wa maji na nyavu za macho madogo vilisaidia. Wala tusiwe wanafiki: mbuta amejenga nyumba nyingi kando ya ziwa na kulipia watoto karo. Lakini deni ni deni, hata kama lilinunua mkate.

Basi sikiliza ajabu hii. Wako fulu ambao ziwani hawaonekani tena, lakini wangali hai katika matangi ya kioo ya Ulaya na Marekani, wakizalishwa na hifadhi za wanyama na watu wa kawaida katika sebule zao. Mzungu ambaye hajapata kukanyaga Muhuru Bay amka asubuhi amlishe samaki wa Muhuru Bay, huku sisi tulioko ufukweni tukisafiri kilomita 900 kuleta samaki wa kufa. Kwa mvuvi wa huku fulu ni chambo cha kumnasia mbuta, basi.

Ushauri wangu kwa sahibu ulikuwa huo. Tangi analo. Atie mchanga na mawe, maji matamu yaliyosafishwa, pampu ya kuchujia, na awape bakteria muda ule ule wa majuma manne hadi sita, maana sheria hiyo haibagui tamu na chumvi. Kisha apate ruhusa ya wakubwa wa uvuvi, achukue fulu wa aina moja tu, dume mmoja na majike kadhaa, kwani madume hupigana, na aina zikichanganywa huzaa machotara. Gharama ni ndogo, umeme ukikatika hatari ni ndogo, na akishindwa hakupora mwamba wa mtu. Shule za kando ya ziwa zingeweza kufanya vivyo hivyo, mtoto akajifunza kwa jicho lake kile ambacho babu yake alikiona ziwani. Sisi wa pwani nasi, kabla ya kununua taa, tuwapeleke wanetu mwambani maji yanapotoka, wajue majina ya vilivyomo.

Onyo moja ni la wote, wa chumvi na wa tamu: kilichofugwa kisimwagwe nje. Gugumaji linalofunga bandari za Ziwa Victoria lilifika mwishoni mwa miaka ya 1980, na asili yake ni Amerika ya Kusini. Lilisambazwa duniani kwa sababu ya maua yake mazuri, watu wakilipanda vidimbwini kama pambo. Pambo la bwana mmoja limekuwa pingu ya mtumbwi wa maelfu. Mtu akichoka na samaki wake, na ampe mfugaji mwingine.

Sahibu yangu alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwita mvuvi mmoja aliyekuwa akipita na ndoo, akamuuliza kama aweza kumletea fulu walio hai. Mvuvi akamtazama, akatazama tangi kupitia mlangoni, akacheka.

"Mzee," akasema, "hao ni chambo. Utaweka chambo ndani ya kioo?"

"Ndiyo," akajibu sahibu yangu. "Lakini si leo. Njoo baada ya majuma sita."